Viatu vya Mguu Mwingine

Soli ya kiatu cha Falone ilibaki kwenye matope ya soko la Masisi, na mwenyewe akaendelea mbele kidogo kabla ya kusikia ubaridi chini ya mguu. Alikuwa amebeba bidoni ya mawese kichwani, kitenge chake cha manjano kimepandishwa hadi magotini, mikono yake imekuwa myekundu kwa mafuta. Nyuma yake soko lilikuwa linachemka. Wachuuzi wa maharagi walikuwa wanapiga kelele, waendesha pikipiki wanapiga honi, ng'ombe mmoja amekataa kupita na mwenye ng'ombe anamwomba kama mtu anayeomba mchumba.

"Dada, simama. Usirudi nyuma, utaikanyaga."

"Nitakanyaga nini?"

"Soli yako. Iko mu matope, hapo."

Aliyesema hivyo alikuwa mwanaume mrefu mwenye kofia ya wafugaji na bote za mpira, ameshika jibini mbili za mviringo zilizofungwa kwa majani ya mgomba. Jina lake lilikuwa Esdras Habumugisha. Aliweka jibini zake juu ya meza ya mwanamke aliyemjua, akainama, akaitoa soli kwenye matope, akaipangusa kwa kiganja, akaigeuza na kuinusa.

Falone alimtazama. "Unainusa ya nini? Ni chakula?"

"Ninaangalia ilibandikwa na nini. Ni kole tu. Hakuna hata uzi moja."

"Uko cordonnier, fundi ya viatu?"

"Hapana. Niko muntu wa fromage, kule ku laiterie."

"Sasa muntu wa fromage anatafuta nini mu viatu ya watu?"

"Ninapendaka tu," akasema Esdras.

Ndivyo ilivyokuwa. Kazi yake kule laiterie, kiwanda kidogo cha maziwa, ilikuwa maziwa, chumvi na mbao za kukaushia jibini. Lakini siku za Jumapili baada ya kanisa, wenzake walipoenda kwenye mpira au kwenye pombe ya ndizi, yeye aliketi barazani na vipande vya ngozi alivyoagiza Goma, akakata, akabandika, akashona. Alitengeneza mikanda, mifuko ya visu, majalada ya Biblia. Hakuuza. Mtu akisifu kitu, alipewa. Sindano zake alitembea nazo mfukoni, kama wengine wanavyotembea na tumbako.

Falone alitua bidoni. "Bon. Weka kole niende. Moto inaningojea, ile pikipiki pale, na dereva wangu Raphaël hana uvumilivu."

"Kole haitashika. Hii ngozi imekunywa mawese. Ukipaka kole juu ya mafuta, ni sawa umeipaka juu ya maji."

"Kwetu Walikale kila kitu imekunywa mawese. Hata sisi wenyewe."

"Basi na ninyi mutashonwa."

Falone alicheka, akaketi juu ya bidoni yake, akanyoosha mguu. Esdras alitoa msharasi, ule msumari mwembamba wenye mpini wa mti, akatoboa matundu kuzunguka ukingo wa soli. Kisha akatia sindano mbili kwenye uzi mmoja, moja kila mwisho, akawa anazipitisha zote mbili katika kila tundu, moja ikienda na nyingine ikirudi.

"Sindano mbili ya nini?" akauliza Falone.

"Uzi ukikatika upande moja, ule mwingine unabaki umeshika."

Raphaël alikuja kutoka kwenye pikipiki, kofia yake ya chuma mkononi. "Falone, mvua inatoka Nyabiondo. Ninyi muko mu mapenzi ao mu kazi?"

"Mu viatu," akasema Falone. "Ngojea."

Kazi ilipoisha aliuliza bei. Esdras alikataa. Akasema tu kwamba kama kwao kuna nta ya nyuki, akirudi amletee kipande, kwa kuwa uzi usiopakwa nta huoza upesi. Falone akasema msitu wao umejaa nyuki, na ili amjulishe nta ikipatikana, lazima ampe nambari ya simu. Esdras akampa. Raphaël akatikisa kichwa.

*

Mtandao haukushika laiterie. Esdras alipotaka kuongea alipanda kilima cha nyuma, akasimama katikati ya ng'ombe.

"Allô, wewe wa fromage?"

"Njo mimi."

"Soli yako imefika Walikale muzima. Mimi njo nimefika nusu. Ile barabara ya Kashebere itatuua."

"Pole, mama."

"Usiniite mama, sijazaa. Niite jina."

"Pole, Falone."

"Hapo njo nimesikia. Na huyo anayelia nyuma yako ni nani?"

"Ni ng'ombe."

"Mwambie nimemusalimia."

Zikawa simu za kila jioni, jua likiwa bado juu ya vilima. Falone alipanda Masisi na mawese, akashuka na maharagi na jibini, na kila alipopanda alileta nta, nyeusi nyeusi, yenye harufu ya moshi na ya maua ambayo Esdras hakuyajua. Wakawa wanakula pamoja viazi vya kuchoma pale sokoni. Falone alikuwa na masihara mengi. Alimwambia wanaume wa Bisie, kule kwenye madini, wanamwahidi simu kubwa na nyumba ya mabati, na yeye amekuja kumwangukia mtu anayenuka maziwa.

"Rudi basi Bisie," Esdras akasema.

"Nitarudi na nani, sheri? Moto yangu inajua njia moja tu."

Siku moja alimuuliza kama amewahi kuoa.

"Nilikuwa na bibi. Alikufa."

"Pole."

Falone alingoja mengine. Hayakuja. Esdras alimega kiazi, akampa nusu kubwa.

Mengine yalikuwa hivi. Watu wa vilima vile walikuwa wamekimbia vita, kama walivyokimbia mara nyingine, wakashuka hadi Shasha kando ya ziwa. Huko mke wake Rosalie aliugua tumbo na kufa katikati ya wageni, akazikwa na wageni, siku ambayo watu walikuwa tayari wanafunga mizigo kwenda mbele. Barabara ilipofunguka Esdras alirudi Masisi. Alikuta nyumba imeporwa, hadi mlango na bawaba zake. Kitu kilichobaki kilikuwa juu ya boriti: miguu miwili ya mti wa avoka aliyoichonga mwenyewe wakati wa uchumba, kwa kipimo cha miguu ya Rosalie, ili amshonee viatu vya harusi. Mwizi hana kazi na mguu wa mti. Esdras aliishusha, akaifuta vumbi, akairudisha palepale.

Hakulia mbele ya mtu. Alirudi kwenye maziwa.

*

Msimu wa kupanda maharagi Esdras alishuka Walikale kwa mara ya kwanza, akiwa na jibini mgongoni na matope hadi kwenye nyusi. Falone aliishi kwa shangazi yake, Tante Anne, mwanamke mpana mwenye sauti ya kanisani, aliyemlea tangu utoto. Walimkaribisha kwa fufu na samaki wa mtoni. Tante Anne alionja jibini, akaitafuna kwa muda mrefu, akasema ni kitu cha kuzoea.

Alasiri Esdras alipata kipande cha karatoni ya sabuni. Akakiweka chini uani, akamwambia Falone asimame juu yake bila kiatu, akapiga goti na kalamu ya risasi.

"Unanitekenya."

"Usisogee. Ukisogea nitakuchora vidole sita."

"Vidole sita ni sawa. Nitakuwa nakimbia vizuri kuliko wewe."

"Utakimbia wapi?"

"Nyuma yako, kama utakimbia."

Tante Anne alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimwona mwanaume amepiga goti, na chini ya mguu wa mtoto wake mstari mweusi unazunguka.

"Wewe wa fromage. Unafanya nini?"

"Ninapima muguu, Tante. Nataka kumushonea viatu."

"Unapima ao unachukua?"

"Tante," akasema Falone, "ni karatoni tu."

"Mimi nimezaliwa mu hii pori, wewe umezaliwa ku barabara. Muguu ya muntu haitokake mu lupango, hapa uani, bila mwenyewe. Iyi karatoni itaenda Masisi, itaingia mu nyumba nisiyoijua. Mwenye kuishika atafanya nayo nini? Atamuita, na mutoto ataenda bila kujua anaenda wapi."

"Atanipigia simu tu, Tante. Ananiitaka kila siku."

"Simu ninaisikia. Hii siisikii."

Akaokota karatoni, akaisukuma motoni, chini ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Ikaungua upesi. Falone alicheka hadi akashika ukuta. Esdras naye alicheka, kwa mdomo.

Wakati wa kuagana Falone alimnong'oneza. "Usibebe mu roho. Nitapanda Masisi, utanipima kule."

"Haina shida."

Lakini njiani alibadili mawazo. Kumpima kwa kumficha mzee aliyekataa aliona ni utovu wa adabu. Kumwomba tena mzee aliona aibu. Na viatu alitaka kuvitoa kwa kushtukiza. Akajiambia kwamba jicho lake limeshaona, na mguu wa Falone ulikuwa na urefu ambao mikono yake iliujua tayari.

Akashusha miguu ya mti kutoka kwenye boriti.

Alikuwa na ngozi nzuri ya kahawia aliyokuwa ameificha kwa kazi isiyo na jina. Aliilowesha, akaivuta juu ya mguu wa mti, akaipigilia misumari midogo chini, akaiacha ikauke na kushika umbo. Akapaka kole kwenye ngozi na kwenye soli, pande zote mbili, na hakuziunganisha haraka kama wafanyavyo wanaojifunza. Alingoja hadi kole ikiguswa isifuate tena kidole. Ndipo akazikutanisha mara moja, maana zikishakutana hazisogezwi, akagonga kwa nyundo. Kisha zikaja sindano mbili na uzi wenye nta ya Walikale. Mishono ilijipanga kama maharagi kwenye mstari. Jumapili kadhaa zilikwenda hivyo, na muda wote huo alikuwa na furaha, anapiga mluzi. Jina la Rosalie halikumpitia kichwani hata mara moja. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi baadaye.

*

Falone alipanda siku ya soko, amevaa gauni la bluu lenye mikono mipana na kilemba cha rangi hiyohiyo. Esdras alimketisha barazani mwa laiterie, akaleta viatu vimefunikwa kwa kitambaa cha jibini.

Falone alifunua. Akavigeuza, akapitisha kidole juu ya mishono.

"Esdras. Ni wewe njo umefanya hizi?"

"Vaa."

Akavaa, akatembea hadi kwenye mapipa ya maziwa, akageuka, akainua gauni kidogo avione. "Nikipita nazo Walikale, watasema nimeolewa na minista."

"Zinakubana?"

"Hapana. Mbele ziko pana kidogo, lakini..." Akasimama. Akainama, akabonyeza kwa kidole upande wa ndani, pale shina la kidole gumba lilipo. Ngozi ilikuwa imetoka nje kama nundu ndogo, na ndani ya nundu hiyo hakukuwa na kitu. Akabonyeza kiatu cha pili. Nundu ilikuwepo, mahali palepale.

"Hapa kuna nini?"

"Ni ngozi tu. Itakaa vizuri."

"Kuna nafasi ya mufupa. Mimi sina mufupa hapa." Akaketi, akavua kiatu kimoja, akaingiza mkono ndani. "Ulinipima wapi? Karatoni iliungua."

"Nilitumia kalibu. Ni muti."

"Muti haiotake mufupa yenyewe. Kuna muntu aliichonga hivyo, na alijua sababu. Ni muguu ya nani?"

Esdras alitazama mapipa.

"Esdras, ninakuuliza vizuri. Muguu ya nani?"

"Ya marehemu."

"Marehemu iko na jina?"

Alifungua kinywa. Jina lilikuwepo, lilikuwa karibu kabisa, lakini halikutoka. Falone alingoja. Alimpa muda wa haki. Kule barabarani Raphaël alipiga honi, akangoja naye, akapiga tena.

Falone akavua kiatu cha pili, akaviweka vyote viwili sambamba karibu na mlango, kama viatu vya mgeni aliyeingia ndani.

"Tante yangu aliogopa utachukua muguu yangu," akasema. "Kumbe hukuichukua. Ungeichukua ingekuwa afazali."

Akavaa kandambili zake za plastiki, akaenda.

Esdras alipanda kilimani, akapiga simu. Iliita hadi ikachoka. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Aliandika ujumbe akiomba msamaha kwa ajili ya viatu. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu: "Siko na kasirani juu ya viatu."

Alifanya kazi yake. Jibini zilitoka sawasawa, wala hakuna aliyeona tofauti. Barazani hakuketi tena. Alianza kuelewa anachopoteza, na kilikuwa kikubwa kuliko alivyokisia: mtu aliyekuwa anamngojea aongee.

*

Siku moja mchana simu iliita akiwa kilimani, kwa nambari asiyoijua.

"Allô. Ni wewe wa fromage?"

Esdras aliitambua ile sauti ya kanisani, akavua kofia, ingawa walioona ni ng'ombe tu. "Njo mimi, Tante."

"Sijakupigia juu ya mapenzi. Mapenzi ni mambo yenu. Nakuuliza kitu moja. Kilio ya bibi yako, mulimaliza?"

"Hapana, Tante."

"Juu ya nini?"

"Tulikuwa mu kukimbia. Tulimuzika Shasha. Kisha kila muntu akaenda njia yake."

"Wazazi yake?"

"Mama yake iko. Huku juu, ku kilima."

"Mbali?"

"Hapana. Ninaonaka moshi ya jiko yake."

"Na ulimufikia?"

"Bado."

Tante Anne alivuta pumzi. "Sikia sasa. Unatoka Masisi mupaka Walikale, matope yote ile, unakuya kushika muguu ya mutoto yangu. Na mama mukwe unaona moshi yake, hujamufikia. Mwanaume mwenye kilio yake haijaisha haiko mujane. Iko bwana ya muntu. Na mimi sitapana Falone ku bwana ya muntu."

"Tante, Falone njo alikutuma?"

"Falone hajue. Ukimwambia, nitakana." Akakata.

Esdras alibaki amesimama. Kisha akashuka, akachukua miguu ya mti, akachukua na viatu, akavitia vyote katika mfuko mmoja, akapanda kilima kingine, kile alichokuwa anakizunguka tangu aliporudi.

Mama Kayitesi, mama yake Rosalie, alikuwa anachambua maharagi juu ya ungo. Alimwona mkwe wake kwa mbali na hakuacha kuchambua. Esdras alifika, akasalimu kwa mikono miwili, akaketi chini.

"Nilifikiri ulinisahau," akasema mama.

"Nilifikiri Mama ananilaumu."

"Nikulaumu ya nini?"

"Nilimuzika bila ninyi."

"Ni vita ilimuzika bila sisi. Wewe ulikuwa tu na jembe." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kati ya maharagi. "Nilikuwa nakungojea. Siwezi kumaliza kilio bila bwana yake. Watu wananiuliza, mimi nasema atakuja. Mwisho hawakuuliza tena."

Esdras alitoa miguu ya mti. Mama aliipokea, akaigeuza, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye ile nundu.

"Ya baba yake," akasema. "Iyi mufupa ilitoka ku baba yake. Olga pia iko nayo." Olga alikuwa mdogo wake Rosalie, bado yuko nyumbani. "Na hizo viatu?"

Hapo ingewezekana kudanganya. Esdras alimweleza yote: Falone, karatoni, moto wa sombe, na jinsi alivyomshonea mwanamke mmoja viatu juu ya miguu ya mwingine bila hata kufikiri. Mama Kayitesi alisikiliza ameinamisha uso. Mabega yake yakaanza kutikisika. Esdras alidhani analia, kumbe anacheka, na maharagi yanamwagika.

"Wewe Esdras. Rosalie angekupiga na hiki kiatu. Cha kuume. Njo kizito."

"Rosalie angenipiga na zote mbili," akasema Esdras.

Ndipo aliposikia kwamba amelitamka lile jina. Mama naye alisikia. Walicheka na kulia pamoja, kila mmoja kwa kipimo chake, kisha wakaanza kuokota maharagi.

Mama alibaki na miguu ya mti. Viatu alivijaribu Olga, vikamkaa kana kwamba alipimwa, akakataa kuvivua.

Esdras alishuka na kupiga simu. Safari hii Falone alipokea, pengine kwa kuchoka.

"Allô."

"Rosalie."

"Nini?"

"Jina yake. Alikuwa anaitwa Rosalie."

Falone hakukata simu.

"Alikuwa anaimba mu korali na sauti mubaya," Esdras akaendelea. "Walimuweka nyuma, akakuwa anarudi mbele. Hakupendaka fromage."

"Hata kidogo?"

"Hata harufu."

"Na aliolewa na wewe."

"Njo vile."

Upande wa pili palisikika pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. "Endelea," akasema Falone.

Akaendelea. Alimweleza juu ya Shasha, juu ya ziwa lililokuwa limetulia siku ile, juu ya wageni waliochimba. Akamwambia siku ya kumaliza kilio imepangwa, kwamba hamwombi aje, alitaka tu ajue. Aliongea hadi salio likamalizika, na lilipomalizika alikuwa katikati ya sentensi.

*

Kilio kilimalizwa nyumbani kwa Mama Kayitesi, asubuhi yenye jua baada ya mvua, vilima vikiwa kijani hadi mtu anafinya macho. Katekista aliomba. Esdras, mume wa marehemu, alisimama na kusema jina la mke wake na siku zake, kwa maneno machache, bila kukwama. Mama mkwe akamvisha shati jeupe, akamwambia mbele ya wote: "Umemulia ya kutosha. Uko huru." Vyungu vikafunuliwa.

Kwa desturi ya hapo, siku hiyo mkwe huhudumia wageni mwenyewe. Esdras alikuwa anapita na sahani za maharagi na viazi mikononi pikipiki ya Raphaël ilipoingia uani. Ilikuwa imebeba watu wawili nyuma na bidoni ya mawese juu ya tangi. Wa kwanza kushuka alikuwa Tante Anne, akijishika kiuno na kuitukana barabara. Wa pili alikuwa Falone, amevaa gauni la bazini ya kijani kibichi lililotiwa matope na safari, na kilemba kilichosogea upande mmoja.

Falone aliwapa watu wote mkono, mmoja mmoja, kama ifanyikavyo kwenye kilio. Olga alipita mbele yake na sahani, miguuni ana viatu vya kahawia vinavyong'aa. Falone alivifuata kwa macho hadi vikaingia jikoni. Alificha mdomo kwa kiganja.

Mwisho alifika mbele ya mama mwenye nyumba, akainama.

"Pole sana, Mama."

"Asante, mutoto yangu. Umetoka mbali, matope inaonyesha." Mama Kayitesi alishika mkono wake, hakuuachia. "Huyu tante yako ameniambia jina yake. Wewe uko wa nani hapa?"

Uani kote watu waliacha kutafuna. Tante Anne alitazama mawingu. Esdras alikuwa nyuma yao tu, sahani mbili mikononi, mvuke wa maharagi unampanda usoni.

"Sijui bado, Mama," akasema Falone. "Hajaniuliza."

Mama Kayitesi alimgeukia mkwe wake. Wote wakamgeukia. Mahali pa kuweka sahani hapakuwepo, kupiga goti kungemwaga chakula cha marehemu. Esdras akabaki kama alivyo.

"Falone," akasema, "mbele ya Mama wa Rosalie, na mbele ya Tante, ninakuuliza. Utakubali nikuoe? Kwenu nitakuja, nitafuata yote wanayotaka. Lakini hapa nataka nijue ni wewe njo unanijibu."

Falone alimtazama, bila masihara yoyote usoni. Alikuwa na muda, naye akauchukua. Macho yake yalikwenda kwenye shati jeupe, yakaenda kwa mama aliyemshika mkono, yakarudi.

"Sitakuwa Rosalie," akasema.

"Najua."

"Ninapenda fromage. Na ninaimba vizuri."

"Najua, Falone."

Akautoa mkono wake polepole mkononi mwa mama, akainyoosha kofia ya Esdras iliyokuwa imeinama.

"Bon. Nimekubali," akasema. "Sasa peleka maharagi, watu wana njaa."

Akapeleka.